NYUMA YA CHETI: NJIA ZA FUNDI WA NDEGE



Ndege ikipita juu ya masomo, wengi kati yetu tunataka kuwa piloti. Ni wachache wanaouliza: nani ameiangalia mbele ya kuruka? Leo tujifunze kazi ya huyo fundi, zaidi sana njia zinazomngoja akiisha kupata karatasi yake.

1. Karatasi yenyewe
Inaitwa lisansi, lakini si ile ya universite. Ni ruhusa ya kutia sahihi kwamba ndege imetengenezwa vizuri, inaweza kuruka. Hapa Kongo inatolewa na Autorité de l'Aviation Civile. Kanuni za mataifa (OACI) zinadai fundi awe na miaka 18 au zaidi, na awe amefanya kazi hiyo miaka 4. Ao miaka 2 kama amemaliza mafundisho yaliyokubaliwa. Basi diploma peke yake haitoshi. Mikono nayo inasoma.

2. Njia za kuanzia
a) Uwanjani. Fundi anapokea ndege inapotua, anaangalia magurudumu, breki na mafuta. Ni kazi ya usiku na ya mvua, lakini macho yanajifunza upesi.
b) Hangari. Ndege inafunguliwa siku nyingi, wanatafuta kutu na nyufa.
c) Atelie. Hapo fundi anashika sehemu moja tu: motere, magurudumu, ao redio.
Kwa kampuni ndogo yenye Cessna Caravan, fundi mmoja anagusa karibu yote. Akitaka kutia sahihi kwenye Boeing, lazima asome tena. Nyuma ya miaka mingi anaweza kuwa mkaguzi ao mwalimu.

3. Jambo gumu
Siku moja mkubwa wa kazi atasema: «Tia sahihi tu, abiria wanangoja!» Fundi mpya anaogopa kufukuzwa. Lakini abiria hawaoni ndani ya motere. Wanapanda juu ya sahihi yake. Tangu 2006 Ulaya imekataza kampuni za ndege za inchi yetu kuruka kwake, kwa sababu uangalizi hautoshi. Aibu hiyo mapiloti peke yao hawataiondoa.

4. Na sisi je?
Tushike hesabu na fizika. Tusidharau Kiingereza, maana vitabu vya Boeing na Cessna vimeandikwa kwa luga hiyo. Tukiwa na njia, kuna ISTA ya Kinshasa, kuna pia masomo ya Ethiopian Airlines kule Addis Ababa.

Lakini somo la kwanza liko hapahapa. Kila jioni sisi makapita tunatia sahihi kwenye daftari: «Wote wako.» Mara ngapi tumeandika bila kuhesabu vitanda? Tuanze kuhesabu leo usiku.

Maswali
1. Lisansi ya fundi inampa ruhusa gani?
2. Wewe ungeanzia wapi: uwanjani, hangari ao atelie? Sababu gani?
3. Mkubwa akikuharakisha, utamjibu nini kwa heshima?

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho