BABA YAKE BABU ALIKUWA KEYA: Jinsi ya Kuwatafuta Wazee Wetu Katika Karatasi za Jeshi

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi, na nimeitia katika insha nyingi ili nipate maki za mwalimu. Lakini maana yake kamili niliipata likizo ya Agosti, nyumbani kwetu karibu na Kakuma, nilipoketi chini ya mti na babu yangu, katikati yetu pana sanduku la bati.

Kisa chenyewe ni hiki. Kitambulisho cha babu kinasema alizaliwa mwaka 1958. Yule aliyemwandikisha zamani hakumwuliza mengi. Alimtazama uso, akakadiria, akaandika. Basi serikali ilipoanza mwaka 2018 kuwapa shilingi 2,000 kwa mwezi wazee wote waliofikisha miaka 70, wenzake babu walianza kupokea, yeye akaambiwa bado ni kijana. Rika lake wanampitia kisimani wakimtania: "Kijana, tusaidie kuvuta maji!" Wao wanacheka. Babu hacheki.

"Mimi nilizaliwa baba aliporudi kutoka vita vya Abisinia," aliniambia. "Wewe si unasoma? Haya, nitafutie mwaka wangu."

Ndani ya sanduku mlikuwa na vitu viwili: nyota ya shaba isiyo na utepe, na karatasi iliyokunjwa mara nne, mchwa wamekula pembe moja. Karatasi ilikuwa cheti cha kuachishwa jeshi. Ilikuwa na nambari ya askari, kabila, kikosi, mwaka wa kuandikwa 1940 na mwaka wa kuachwa 1946. Tatizo lilikuwa jina. Hakuna mtu nyumbani aliyelijua jina lile. Ami yangu akasema, "Hii si yetu, ni ya mtu mwingine. Tupa." Kidogo tu tuitupe!

Ndugu msomaji, nitakueleza hatua tulizopitia, maana najua nyumbani kwenu pia kuna sanduku kama hilo.

HATUA YA KWANZA: ANZA NA MDOMO, KISHA KARATASI

Sisi Waturkana mtu hana jina moja. Kuna jina la kuzaliwa, kama Ekiru kwa mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua. Halafu mwanamume akikua hupata jina la ng'ombe dume wake ampendaye, ambalo aghalabu huanza na "Apalo", yaani baba wa yule mwenye rangi fulani au madoa fulani. Wenzake wa rika humwita kwa jina hilo. Watoto wake huenda wasilitamke kabisa.

Sasa fikiri. Kijana anasimama mbele ya karani wa jeshi, anaulizwa, "Jina lako nani?" Atataja lipi? Tena karani mwenyewe ametoka mbali, haijui lugha, anaandika alivyosikia.

Nikaichukua ile karatasi hadi kwa bibi, dada mkubwa wa babu, ambaye macho yamefifia lakini masikio bado ni mazima. Nikamsomea jina polepole, mara tatu. Akanyamaza. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Ulikuwa wimbo ambao baba yake alimwimbia dume lake jioni, na ndani ya wimbo limo jina lile lile la kwenye karatasi. Babu aliinama, akachora chini kwa kidole. Kumbe jina la baba yake lilikuwa mkononi mwake miaka yote na hakulitambua! (Jina silitaji hapa, kwa heshima.)

Funzo: kabla ya kutafuta popote, andika majina yote ya mzee unayemtafuta: la kuzaliwa, la dume, la ubatizo kama lipo, jina la baba yake, ukoo na alama ya mifugo ya ukoo huo. Uliza pia kama alikuwa Ngimor au Ngirisae, yaani Mawe au Chui. Kwetu baba akiwa wa Mawe, mwanawe ni wa Chui, na mjukuu hurudi kwenye Mawe. Kwa njia hii huwezi kuchanganya baba na mwana hata majina yakifanana.

HATUA YA PILI: JUA JESHI LENYEWE

Jeshi lililowachukua babu zetu wengi liliitwa King's African Rifles, kwa kifupi KAR. Liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika Mashariki, Uganda na Afrika ya Kati. Wananchi walilitamka "Keya", na askari wake pia wakaitwa Keya. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, vikosi vya 3, 5 na 11 vya KAR vikawa Kenya Rifles.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, nayo ilikuwa imeikalia Ethiopia. Kwa hiyo Turkana ikawa mpaka wa vita. Brigedi ya 25 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya KAR, iliwekwa huku kwetu, Lokitaung ikiwa kambi muhimu, na mwanzoni mwa 1941 ikavuka mpaka kwenda upande wa Kalam. Baadaye Keya walipelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944. Ukijua tarehe hizi, karatasi yenye mwaka tu huanza kusema.

Je, nishani? Sikiza vizuri, maana hapa wengi hukosea. Nyota za Vita vya Pili zilizotolewa na Uingereza hazikuchorwa jina la askari. Ile yetu imeandikwa jina la nishani tu, Africa Star, na ilitolewa kwa waliopigana Afrika, Abisinia ikiwemo. Kwa hiyo nyota yathibitisha vita, haithibitishi mtu. Lakini nishani ya Vita vya Kwanza (1914-1918) huwa na nambari, cheo, jina na kikosi kwenye ukingo wake. Kama mnayo, isafishe ukingo kwa kitambaa laini na usome kwa kioo cha kukuza. Usiisugue kwa mchanga!

HATUA YA TATU: JUA MAJINA YA ZAMANI

Ukitafuta "Ziwa Turkana" katika faili za 1940 hutaona kitu. Liliitwa Ziwa Rudolf hadi mwaka 1975. Wapokot waliandikwa "Suk". Tafuta kwa jina la wakati ule, tena kwa tahajia zaidi ya moja: L na R hubadilishana, irabu ya mwisho hupotea.

HATUA YA NNE: MAHALI PA KUTAFUTA

(a) Nairobi. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1965, imo katika jumba la Moi Avenue ambalo mbele yake watu hupeana miadi ya kukutana. Humo mna ripoti za kila mwaka za mabwana DC, Turkana ikiwemo. Usitarajie kuona jina la babu yako ukurasa wa kwanza. Ripoti zinakueleza mvua, njaa, vita na machifu wa mwaka ule.

(b) Uingereza. Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London, ina shajara za vikosi. Za Vita vya Kwanza zimo katika fungu WO 95, na baadhi ya zile za KAR katika Vita vya Pili zimo WO 169. Orodha yake husomwa kwenye intaneti bila malipo. Shajara hutaja maofisa kwa majina na askari kwa hesabu, lakini ukijua kikosi utaona siku baada ya siku kilikuwa wapi.

(c) Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ina orodha ya waliokufa, ambayo pia iko kwenye intaneti. Wasio na kaburi wameandikwa katika mnara wa Afrika Mashariki kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Mathalani wapo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944. Meli ile ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, wakafa watu zaidi ya 1,200.

UCHUNGU ULIOMO KATIKA KARATASI

Sitaki kuwadanganya, wenzangu. Ukifungua faili hizi utakutana na mambo ya kuumiza.

La kwanza, sisi Waturkana hatukuanza kuandikwa kama askari. Tulianza kuandikwa kama adui. Mwaka 1918 KAR walifanya msafara mkubwa dhidi yetu, unaoitwa Patroli ya Labur, na Waingereza wakatoa nishani yenye kipande kilichoandikwa "East Africa 1918" kwa waliotupiga. Mifugo iliyotekwa ilihesabiwa, wenyewe hawakutajwa. Na baada ya miaka 22 tu, baba yake babu akavaa kofia ya jeshi lile lile. Nilimwuliza babu kwa nini. Akasema, "Mtoto, njaa haiulizi kofia ni ya nani."

La pili ni hili. Pale Nairobi, Kenyatta Avenue, pana sanamu ya askari na wapagazi iliyozinduliwa mwaka 1928. Maandishi yake yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini hapo hapo hakuna jina hata moja lililoandikwa! Mwaka 2021 ile Tume ya Makaburi ilitoa ripoti ikikiri kwamba Waafrika na wengine wasio Wazungu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa sababu ya Vita vya Kwanza, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Tangu hapo imekuwa ikitafuta majina, hata katika kumbukumbu za jeshi hapa Kenya. Basi kazi ya kukumbuka jina waliwaachia wana. Wana ndio sisi.

WENZETU WA KAMBINI

Rafiki yangu wa darasani anaishi katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992. Nilipomsimulia haya alisema, "Ninyi mna sanduku. Sisi lilibaki kwenye moto." Nilikosa la kusema. Lakini mwalimu wetu mlezi alitufundisha kwamba karatasi huwa na nakala mahali pengine. Babu zake rafiki yangu walikuwa katika Jeshi la Ulinzi la Sudan, lililoundwa mwaka 1925, na kikosi cha Ikweta kilikuwa na makao Torit. Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, kinahifadhi barua na picha za maofisa wengi waliofanya kazi Sudan. Sasa rafiki yangu ameanza daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika majina saba aliyoambiwa na mamake kwa simu.

MSAMIATI WA KEYA

Kama ilivyo desturi ya jarida letu, tujifunze maneno. Keya walikuwa na Kiswahili chao cha amri, kifupi na kisichojali ngeli, kilichoitwa Ki-KAR. Maneno haya utayakuta katika karatasi na vinywani mwa wazee:

Afande: bwana mkubwa wa jeshi. Neno lilitoka Uturuki, likapitia Misri na Sudan.
Ombasha: koplo. Asili yake pia ni Kituruki.
Shaushi: sajini.
Kariakoo au Kariokor: kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza. Mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi ilipata majina yake hapo.

HESABU YA BABU

Sasa turudi chini ya mti. Cheti kinasema mzee aliachwa mwaka 1946. Bibi anakumbuka babu alizaliwa baada ya mvua ya pili tangu baba yao arudi. Hiyo ni 1948 hivi. Lakini ushahidi mmoja hautoshi, tukatafuta wa pili. Kwetu miaka mibaya ina majina. Ukame wa mwaka 1960 unaitwa Namotor, na ule mkubwa wa 1979 hadi 1981 unaitwa Lopiar. Nikamwuliza, "Babu, Namotor ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na ngamia, mbali na nyumbani, peke yangu."

Hebu piga hesabu, msomaji. Kama alizaliwa 1958, wakati wa Namotor alikuwa na miaka miwili. Mtoto wa miaka miwili hachungi ngamia!

Tumepeleka nakala ya cheti na maelezo ya bibi kwa chifu, kisha afisi ya Lodwar. Tunangoja. Sijui kama watakubali. Lakini jioni ile babu aliniomba niandike kwenye daftari jina la baba yake, lile la kuzaliwa na lile la dume, na chini yake mwaka wake yeye mwenyewe. Hajui kusoma. Aliweka kidole juu ya kila neno, akaniuliza, "Hili ndilo?" Nikamjibu, "Ndilo, babu." Siku iliyofuata alikwenda kisimani akawaambia rika lake kwamba yeye si kijana tena.

ZOEZI LA LIKIZO

1. Andika majina ya wazee wako hadi kizazi cha nne, pamoja na majina ya utani.
2. Uliza ni nani kati yao alikwenda jeshini, na mwaka gani, ukitumia majina ya ukame na matukio.
3. Kila karatasi ya zamani utakayoona, inakili kwa mkono, kisha ipige picha. Usikubali itupwe.
4. Mwenye wimbo wa dume la babu yake aulete chamani muhula wa kwanza, tuusikilize.

Kumbuka, mchwa hawangoji ufunge shule. Kwaherini, na Mungu awabariki.

Mwanachama, Kidato cha Tatu