Gego la Utoto Lising'olewe Ovyo

Wanachuo wenzangu, mtu akitaja habari za kupanga meno ya mtoto, wengi wetu tunaona zile waya za chuma tunazozikuta kwa vijana wachache wa mjini, na bei ambayo bumu haliwezi kuigusa. Kwa hiyo mtu wa Lipingo, kule mwambao wa Ziwa Nyasa, anajitoa mapema kwenye mazungumzo: hayo ni mambo ya wenye nazo. Makala hii inabisha. Kwa mtoto wa miaka mitano mpaka kumi, sehemu kubwa ya kupanga meno haina waya hata moja, na jambo la kwanza ni kuacha kung'oa magego ya utoto kabla ya wakati wake.

Hebu tuanze na kinywa chenyewe. Mtoto wa miaka mitatu ana meno 20 ya utoto. Akifika miaka sita hivi (kwa watoto wa Kiafrika mara nyingi kabla kidogo) linaota gego la kwanza la ukubwani. Tatizo ni kwamba haling'oi jino lolote ili liote. Linajitokeza kimyakimya nyuma ya magego ya utoto, hakuna damu, hakuna jino la kurusha juu ya paa. Mzazi hana habari kwamba mwanawe amepata jino la kudumu, ambalo likioza leo halina mbadala.

Gego hilo jipya lina tabia ya kusogea mbele. Kinachokaa kama kizuizi ni gego la pili la utoto, lililo mbele yake. Lisipokuwepo, gego la ukubwani linateleza na kuvamia uwanja, na mwendo huo ni wa kasi zaidi katika miezi sita ya mwanzo baada ya kung'oa. Sasa piga hesabu. Gego la pili la utoto kwa kawaida huanguka mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12. Likitolewa akiwa na miaka mitano, pengo linakaa wazi miaka mitano au zaidi. Jino lililopangiwa pale likija linakuta nafasi imeliwa, ndipo linapootea pembeni, kuelekea ulimini au shavuni, au linakwama ndani ya mfupa. Chonge la juu, ambalo huwa la mwisho mwisho kufika, linajikuta limesukumwa juu ya fizi. Baadaye tunasema "huyo kazaliwa na meno mabaya." Kumbe hapana, nafasi yake ilitolewa zamani.

Ndiyo maana ile kauli ya "ya nini kuhangaika, si yataanguka tu" inaniudhi, ingawa naielewa. Mama ametoka kijijini alfajiri na mtoto aliyelia usiku kucha, kazi zimelala, nauli imetoka. Akifika kwenye kituo anataka maumivu yaishe leo. Na huduma ya meno inayopatikana kwa urahisi vijijini ni koleo. Lami sasa imefika Mbamba Bay, sawa, lakini kumfuata daktari wa kinywa na meno mpaka Songea bado ni safari ya kuomba ruhusa.

Hapa kuna habari ambayo Mtanzania anapaswa kuijua na kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akifanya kazi na chuo cha udaktari wa meno Dar es Salaam, alianza kujaribu namna ya kuziba meno bila umeme, bila mashine ya kutoboa, na mara nyingi bila sindano ya ganzi. Unakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha unaziba kwa saruji ya meno inayoshikana na jino na kutoa madini ya floridi. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa dunia nzima, na leo inatumika hata nchi tajiri kwa watoto wanaoogopa mashine. Yaani dawa ya mtoto wa Lipingo ilizaliwa nchini kwake. Kinachohitajika ni tabibu wa meno aliyefundishwa, seti ndogo ya vifaa na kopo la saruji. Mtoto analindwa gego, na gego linalinda nafasi. Huko ndiko kupanga meno mapema, tena kwa gharama ndogo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika baadhi ya maeneo ya nchi yetu mtoto mchanga akiharisha au akiwa na homa, wapo wanaomfunua fizi, wakaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, wakasema ni "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni" yanayomuua mtoto. Yanachokonolewa kwa kifaa chochote chenye ncha. Watafiti wa Kitanzania, Hiza na Kikwilu, waliliandika suala hili mwaka 1992 baada ya kukuta watoto wa kijiji kimoja cha mbali wakiwa na mapengo ya namna hiyo. Uvimbe ule ni chonge la utoto linalojiandaa kuota, basi. Karibu yake kuna chembe ya chonge la ukubwani, nayo inaweza kuharibiwa kwa mkono huohuo. Anayepona damu na maambukizi anaweza kukua bila chonge, au nalo likiwa limepinda. Kuhara kunatibiwa kwa maji ya chumvi na sukari na kwa kumwahisha mtoto kituoni.

Je, kuna hali inayohitaji mkono wa daktari mapema kweli? Zipo. Jino la mbele la juu likifunga nyuma ya lile la chini, linasuguana na kuumiza fizi. Likiwa moja na ndio kwanza linaota, wakati mwingine mtoto anafundishwa kuuma kijiti bapa kwa vipindi, chini ya uangalizi, na linaruka mbele. Taya la chini likihama upande mmoja kila mtoto anapofunga mdomo, hilo nalo lisingoje, maana kaakaa hupanuliwa kwa urahisi kabla ya balehe. Kunyonya kidole kukiisha kabla ya meno ya mbele ya ukubwani kuota, uwazi wa mbele mara nyingi hujifunga wenyewe.

Lakini si kila kitu kiharakishwe. Meno ya juu yaliyochomoza yalifanyiwa majaribio makubwa Marekani (Florida na North Carolina) na Uingereza: watoto waliotibiwa kwenye umri mdogo walilinganishwa na waliosubiri ujana. Mwishoni meno yao yalikuwa sawasawa. Faida iliyobaki kwa waliowahi ni kwamba walivunjika meno ya mbele kwa uchache zaidi, jambo la maana kwa mtoto anayepanda miembe.

Na mwanya jamani, tuuache. Utafiti wa Mtaya na wenzake uliochapishwa 2009, kwa wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 wa Kinondoni na Temeke, ulikuta asilimia 63.8 wana kasoro angalau moja ya mpangilio. Ndani yake asilimia 21.9 walikuwa na nafasi ya milimita 2 au zaidi kati ya meno. Kwa kipimo hicho mabinti wengi tunaowasifia ni wagonjwa! Zaidi ya hapo, mtoto wa miaka minane kuwa na mwanya ni kawaida, na mara nyingi unapungua machonge yakishuka.

Likizo hii ukifika nyumbani, mwite mdogo wako wa miaka sita au saba, mkalishe kwenye mwanga, umwambie afungue mdomo. Hesabu magego kila upande, juu na chini. Ukikuta la tatu nyuma kabisa, hilo ni la kudumu: mwonyeshe mama na mswaki ufike huko. Ukikuta gego la utoto lina tundu lakini halijaanza kuuma, huo ndio wakati wa kumpeleka, na neno la kusema pale dirishani ni "tunaomba liangaliwe kama linazibika."