SOMO LA LISHE: BOGA LA KUJAZA, LINALOOKWA KWENYE JIKO LA MAKAA



Mkimbizi anayeishi Kampala kwa kawaida hapati mgao wa chakula kama wenzake wa Nakivale au Kyangwali. Hununua kila kitu, hata makaa. Kwa hiyo chakula cha jioni kiwe rahisi, lakini kiujenge mwili. Soko la Nakasero huuza zukini, yaani boga dogo refu la kijani. Hata hivyo, boga letu la manjano linafaa zaidi: lina vitamini A nyingi, inayolinda macho na kuupa mwili kinga.

Mahitaji (watu 5)
- Boga 1 dogo lililokomaa
- Mukene (dagaa, ndagala) wakavu, kikombe 1
- Maharagwe yaliyopikwa, kikombe 1
- Mchicha (dodo, lengalenga), fungu 1
- Kitunguu 1, nyanya 2, mafuta vijiko 2, chumvi yenye madini joto
- Majani ya mgomba

Hatua
1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha mukene kwa maji ya moto mara mbili, mchanga utoke. Usitupe miiba: ina kalsiamu ya mifupa na meno.
2. Pasua boga katikati, toa mbegu.
3. Kaanga kitunguu, nyanya na mukene. Ongeza maharagwe, mchicha na chumvi. Epua baada ya dakika 5.
4. Jaza boga. Tandika majani ndani ya sufuria, mimina maji kikombe 1, panga boga, funika kwa majani na kifuniko cha bati. Weka makaa machache ya moto juu ya kifuniko.
5. Subiri kama saa 1. Maji yakikauka, ongeza kidogo. Kijiti kikipenya kwa urahisi, limeiva.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 mpondee boga, maharagwe na mukene hadi vilainike kabisa. Aendelee kunyonya.

TAHADHARI
Pika nje. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya chumba kilichofungwa, hewa hiyo huua watu wakiwa usingizini. Usiku wa mvua usiingize jiko ndani ili kupata joto, hata makaa yakiwa yamefifia. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au akitapika karibu na jiko, mtoe nje mara moja, umpeleke kituo cha afya.

Ukishajaribu, mfundishe na jirani yako.