Vinia Nyembamba kwa Magego Yaliyolika

Gego lililolika kwa asidi hujulikana kwa kulitazama. Ncha zake za kutafunia zimekuwa butu, juu yake pana vishimo vidogo vya mviringo vyenye manjano, na kama liliwahi kuzibwa, kizibo kimechomoza kwa kuwa jino lenyewe limeshuka. Manjano hayo ni dentini, tabaka laini lililo chini ya enameli. Ikishafunuka, maji baridi huanza kuuma.

Enameli huanza kuyeyuka pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Soda na maji ya ndimu ni vikali kuliko hapo, na asidi ya tumbo inayompanda mwenye kiungulia usiku ni kali zaidi. Kwa hiyo swali la kuchagua vinia, yaani kifuniko chembamba cha jino, ya resini, kauri au zirkonia linaanzia kwenye chanzo. Kauri haitalika, lakini jino litaendelea kulika ukingoni mwa vinia, na hapo ndipo uozo huingia. Kiungulia kitibiwe kwanza, soda iachwe kwanza.

Kofia ya kawaida, inayofunika jino zima, hudai jino lisagwe pande zote, na zaidi ya nusu ya sehemu inayoonekana huweza kupotea. Kwa jino ambalo tayari limepungua, hiyo ni hasara juu ya hasara. Vinia hufunika uso wa kutafunia tu, kwa unene wa kati ya milimita 0.5 na 1.5, na hushikwa na gundi. Magego mengi yakiwa yamelika, daktari anaweza kuyaongezea kimo yote kwa pamoja na kupata nafasi bila kusaga, au kwa kusaga kidogo sana.

Resini ndiyo nyenzo ya kwanza kufikiriwa, hasa kwa kijana au kwa mtu ambaye chanzo chake bado kinafuatiliwa. Ni nafuu, hupindika kidogo inapobanwa badala ya kupasuka, na ikimeguka hutengenezwa mdomoni siku hiyohiyo. Mwaka 2010 Pascal Magne na wenzake walichapisha jaribio la maabara la vinia za magego zenye unene wa milimita 1.2: zile za resini zilizochongwa kwa mashine zilistahimili mibano mingi kuliko za kauri. Ila resini huchakaa na kushika rangi ya chai mapema.

Kauri ya lithiamu disiliketi hung'aa kama jino na haichakai haraka. Nguvu yake ya kustahimili kupindwa ni kama megapaskali 400. Ubora wake wa kweli uko kwenye gundi: ndani yake mna kioo, kwa hiyo upande wake wa chini hukwaruzwa kwa asidi maalumu, hupakwa dawa ya kuunganisha iitwayo sileni, kisha hushikana na enameli kwa nguvu sana. Palipobaki enameli ya kutosha kuzunguka jino, hii ndiyo nyenzo bora. Palipobaki dentini tupu, faida hiyo hupungua.

Zirkonia hufikia megapaskali 1,000, na wengi huichagua kwa nambari hiyo. Lakini haina kioo cha kukwaruzwa. Hupigwa mchanga na kupakwa dawa yenye fosfeti, na hatua moja ikikosewa, vinia hubanduka ikiwa nzima. Kwa vinia nyembamba, kushikana kuna uzito zaidi kuliko nguvu. Dhahabu nayo haivunjiki ikiwa nyembamba na haimlii jino mwenzake. Bei na rangi yake ndivyo vinavyowakimbiza watu.

Kazi ya kugandisha haivumilii mate. Jino hutengwa kwa kipande cha mpira, hupakwa jeli ya asidi ya fosfori, kwenye enameli kwa sekunde 15 hadi 30, huoshwa na kukaushwa mpaka enameli igeuke nyeupe kama chaki. Kwa waliokulia maeneo ya Arusha au Bonde la Ufa yenye floridi nyingi majini, enameli yenye madoa hukataa asidi hiyo. Hapo daktari huongeza muda au huondoa utando wa juu kwanza.

Anayesaga meno usingizini huhitaji pia kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, vyovyote nyenzo itakavyokuwa. Kingo za vinia hukaguliwa kila baada ya miezi sita, na ikimeguka kidogo hulainishwa au kuzibwa kwa resini bila kung'olewa.