Korosho za Bibi

Katika nchi za Ulaya mwezi wa Oktoba ni mwezi wa majani kugeuka rangi na kuanguka, na watu wa huko huvaa nguo nzito wakingojea baridi. Huku kwetu kusini mwa Tanzania, katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, mambo ni kinyume. Jua ni kali, mvua bado, ardhi imekauka ikapasuka, na kitu kiangukacho mitini si majani bali ni mabibo na korosho zake. Ukipita chini ya mkorosho wakati wa adhuhuri wasikia kishindo kidogo hapa na kishindo kidogo pale, na harufu ya mabibo imejaa hewani. Huo ndio wakati ambapo wajukuu hupenda kwenda kwa bibi zao, nao mabibi hufurahi kuletewa wajukuu. Wala usidhani kwamba ni kwa mapenzi matupu, maana kila mkono uwezao kuokota watakiwa shambani.

Basi palikuwa na watoto wawili wakaao mjini Ruangwa, mvulana wa miaka 12 na dada yake wa miaka 9. Bibi yao, mama wa mama yao, akaa Mbekenyera. Ijumaa moja, walipotoka shuleni, mama yao aliwapandisha katika gari la abiria pamoja na kilo mbili za sukari na kipande cha sabuni, wakafika kwa bibi jua likizama, wametapakaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Hodi, bibi!"

"Karibuni, karibuni!"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda hivi? Huko mjini hupikiwi?" Kisha akamgeukia yule msichana. "Na wewe, mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya mume? Haya, ingia ndani tugombane vizuri."

Wasomaji wengi watayatambua maneno hayo. Ni utani wa bibi na wajukuu wake. Mtoto hawezi kumtania mama yake namna hiyo, wala mama hamtanii mwanawe. Lakini bibi na mjukuu wameruhusiwa, na kwa sababu ya ruhusa hiyo mtoto husikia kwa bibi mambo mengi ambayo kwa wazazi hangethubutu hata kuyauliza.

Walikula ugali wa mhogo kwa mbaazi, na baada ya kula wakakaa uani juu ya mkeka. Bibi akasema, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Mtoto alizaliwa kwanza, mama yake akazaliwa nyuma."

Wakafikiri. Msichana akasema ni yai na kuku, bibi akakataa. Mvulana akasema ni mwezi na jua. Bibi akakataa tena. "Basi nipeni mji." Wakampa Lindi, hakuridhika, wakampa Mtwara, hakuridhika, wakampa Dar es Salaam, naye akasema huko amekwenda, amekula, amelala kitandani chenye godoro, na sasa amerudi. Lakini jibu hakulitoa. "Kesho mtaliona kwa macho yenu," akasema.

Kesho yake waliamka kabla ya jua. Shamba la bibi li mbali na kijiji, mwendo wa karibu saa mbili kwa miguu, nayo sababu ya umbali huo yafaa ielezwe. Mikorosho ile ilipandwa na mama yake bibi. Wamwera huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mama yule alipofariki miti ikawa ya binti yake. Zamani nyumba yao ilikuwa palepale shambani. Lakini kati ya mwaka 1973 na 1976 serikali iliwahamisha watu wengi wa Tanzania kutoka makao yao ya kutawanyika, wakakusanywa katika vijiji. Watu wakapata shule na zahanati karibu, ndiyo, lakini wengine waliachana na miti yao. Mkorosho hauhamishiki. Vichaka vikaota chini yake, moto wa nyika ukapita, na korosho zilizoanguka hazikuonekana tena.

Msiba wa pili ulifuata wa kwanza, nao ni ugonjwa uitwao ubwiri unga. Ni aina ya kuvu. Hushika majani machanga na maua wakati wa kiangazi, hasa pale ambapo usiku una umande, na mti huonekana kana kwamba umenyunyiziwa unga mweupe uliochanganyika na majivu. Baada ya siku chache maua hukauka, na ua likikauka hakuna korosho. Mambo hayo mawili, pamoja na bei mbaya za miaka ile, yaliiangusha nchi nzima. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho tani 145,000 hivi. Katika msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Watu wengi wakaikata mikorosho yao wakachoma mkaa. Ndipo wataalamu, miongoni mwao wale wa kituo cha utafiti cha Naliendele karibu na Mtwara, wakaonyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa juu ya mti tangu maua yanapoanza kutoka, ugonjwa hauenei.

Bibi hakukata hata mmoja. Msichana alipomwuliza njiani kwa nini, alijibu kwa ufupi, "Mkaa ungeisha kwa mwezi mmoja. Halafu?"

Walipofika, bibi alichuma bibo moja jekundu na kuwaonyesha pia tawi lenye matunda machanga. Katika lile tawi korosho zilikuwa tayari, za kijani, kubwa kabisa, lakini mahali pa bibo palikuwa na kikonyo chembamba tu, kama kijiti cha kibiriti. "Mtoto ndiye huyu, korosho. Mama bado hajazaliwa." Hilo ndilo jibu la kitendawili, nalo ni kweli tupu. Tunda la mkorosho, kwa maana ile ya wataalamu wa mimea, ni korosho yenyewe, kwa kuwa mbegu i ndani yake. Korosho hukua kwanza, na baadaye kikonyo chake huvimba, hujaa maji matamu, kikawa bibo. Mti huu asili yake ni Brazili; Wareno ndio walioleta mbegu zake pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Ni ndugu wa mwembe, na mtu ambaye utomvu wa embe humwasha midomo afadhali ajihadhari na ganda la korosho.

Bibi akawafundisha kazi. Korosho huokotwa chini, haichumwi, kwa sababu mti wenyewe huiachilia ikiisha kukomaa. Bibo huzungushwa kwa vidole likatengana na korosho, wala nyama yake isibaki hata kidogo, kwani huleta ukungu. Kisha korosho huanikwa juani siku mbili tatu.

"Zile za mti huu mmoja," bibi akamwambia mvulana, "zote utakazookota ni zako. Tutaziuza, upate viatu vya shule." Maana viatu vyake vilikuwa vimefumuka mbele, na vidole vilikuwa vikichungulia nje.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mti ule ulikuwa umeangusha chache tu siku hiyo. Mvulana aliokota zote kwa muda mfupi, akatazama ndoo yake, akaona zimefunika kitako tu. Bibi na msichana walikuwa upande wa pili wa shamba. Akatafuta upondo, akapiga matawi, akapanda na kuyatikisa, zikaanguka za kijani na zile zilizoanza kuingia rangi ya kijivu, ndoo ikajaa. Nyumbani akafanya la pili. Bibi alikuwa na korosho za wiki iliyopita, kiasi cha magunia mawili, zimekwisha kukauka juu ya mkeka mkubwa, zikingojea kupimwa Jumatatu. Mpya zilitakiwa kuanikwa kwenye mkeka mwingine, zipimwe wiki ya pili. Yeye hakutaka kungoja wiki ya pili. Alipoona bibi ameingia jikoni, alimimina ndoo yake juu ya zile kavu, akazikoroga kwa mikono yote miwili.

Jioni bibi alikuja kuzikusanya kabla ya umande kushuka. Aliinama, akaokota moja ya kijani, akaitazama, akaitia mfukoni. Hakusema neno. Badala yake aliwaita wote wawili wakaange korosho chache za kula, akawasha moto nje, mbali na nyumba, akaweka kipande cha bati chenye matundu. Korosho zilipopata moto maganda yalitoa mafuta meusi, mafuta yakashika moto, moshi mzito ukapanda. "Kaeni upande upepo utokako!" akawaambia, kwa sababu moshi ule huwasha macho na kifua, na mafuta yake huunguza ngozi. (Mafuta hayohayo viwandani hutengenezwa rangi na vipande vya breki za magari, ajabu kwamba kitu kikali hivyo chalinda kitu kitamu hivyo.) Akafukia moto kwa mchanga, wakapaka mikono majivu, wakabanja maganda kwa jiwe juu ya jiwe. Msichana alikula mpaka akalala palepale. Mvulana hakula sana.

Jumapili asubuhi bibi alilitandua rundo uani, akamwita. Akatoa ile korosho ya kijani mfukoni, akaiweka mbele yake.

"Mume wangu, hii imeokotwa chini?"

Akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Hapana, bibi. Nilizipiga kwa upondo."

"Ngapi?"

"Ndoo moja. Lakini bibi, ndoo moja ndani ya magunia mawili, nani atajua?"

Bibi hakumkemea. Alichukua korosho mbili, akambonyezesha ukucha. Ile kavu ukucha haukuacha alama. Ile mbichi ukucha ulizama. Akazitikisa sikioni mwake: moja yalia, nyingine kimya. Akatwaa bakuli la maji, akatupa humo korosho chache za rundo. Nyingine zikazama, nyingine zikaelea. "Hizo zieleazo hazikujaza ndani. Mpimaji anajua kama wewe ujuavyo sasa. Tena asipojua, ghala litajua. Mbichi moja katika gunia yazipa unyevu jirani zake, na gunia lapata ukungu."

Kisha akamweleza jambo ambalo watoto wa mjini hawalifahamu sana. Tangu mwaka 2007 korosho nyingi za kusini huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hampelekei mnunuzi mmoja mmoja; hupeleka mzigo kwa chama chake cha msingi, unapimwa na kukaguliwa daraja, anapewa stakabadhi, na mzigo unakwenda ghala kuu kuungana na wa wakulima wengine, uuzwe mnadani kwa pamoja. Chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale huitwa RUNALI. Hivyo gunia la bibi halisimami peke yake. Likipita na uchafu wake, laharibu daraja la watu ambao hata hawamjui. Likikamatwa, lashushwa daraja la pili, bei ikapungua, au larudishwa kwa mwenyewe. "Na fedha hizo," akasema, "ndizo viatu vyako, na daftari za mke mwenzangu, na salfa ya mwakani. Nisipopata salfa, mwakani tutaokota majani."

Wakaketi wote watatu kuzichagua. Za kijani zilitoka upesi, kwani rangi yazitangaza. Lakini za kijivu zisizokomaa zilitaka kubonyezwa moja moja. Watoto wenzao walipita wakiwa na mpira, wakawaita; hakuna aliyeinuka. Gunia la kwanza lilipojaa safi, jua lilikuwa limekwisha kupinda. La pili halikufika hata robo, na gari la kurudi Ruangwa lilikuwa likipiga honi barabarani.

Mvulana akasema, "Bibi, nibaki. Nitaondoka kesho alfajiri."

"Kesho una shule. Nenda."

Akawafungia korosho za kukaanga katika karatasi, na mabibo makavu waliyazoea kuyaita kochoho, akawasindikiza hadi garini.

Mimi nilipata habari hizi siku ya Jumatano. Nilikuwa nikikagua madaftari, nikaona vidole vya mvulana yule vimebambuka ngozi nyeupe nyeupe, kama afanyavyo mtu aliyeshika mafuta ya korosho bila majivu. Nikamwuliza, akanisimulia yote, hata lile la upondo, ambalo angeweza kulificha.

"Na Jumatatu zilipimwa?" nikamwuliza.

"Gunia moja, Mwalimu. Daraja la kwanza. Bibi alimpigia mama simu. Lile la pili bado anachagua. Amesema macho yake usiku hayaoni vizuri."

Nikamtazama miguuni. Alikuwa na viatu vilevile, amevifunga mbele kwa kamba ya katani.

"Na Ijumaa hii?"

"Nimekwisha kumwomba mama nauli," akasema.