Mafuta ya Samaki na Miguu Inayowaka Moto

Swali: Nina unene uliopindukia, na usiku nyayo zinawaka moto. Vidonge vya omega-3 vitanisaidia?

Jibu: Pima sukari kabla ya kununua chochote, maana nyayo kuwaka moto huweza kuwa dalili ya neva zilizoharibiwa na kisukari. Nchini Kanada, utafiti uliochapishwa 2017 uliwapa wagonjwa 40 wa kisukari aina ya kwanza mafuta ya sili, yenye omega-3, kwa miezi 12. Nyuzi za neva kwenye konea ya jicho zilirefuka kwa asilimia 29, ila uwezo wao wa kuhisi haukubadilika, na hapakuwa na kundi la kulinganishia. Utasema panya wanene waliopewa mafuta ya samaki katika majaribio walipata nafuu. Kweli, lakini mafuta hayo yalikuwa sehemu kubwa ya chakula chao. Mimi ningechagua dagaa, wenye mafuta hayohayo pamoja na protini. Punguza uzito, na kama unatumia metformin, dawa ya kisukari, mwombe daktari akupime vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza.