Msonobari wangu unageuka manjano

*Nilichimbua msonobari mchanga shambani kwetu Limuru nikaupanda kwenye karai hapa Mathare, nitengeneze bonsai, yaani mti unaodumazwa chomboni. Sasa sindano zinageuka manjano. Je, unakufa? — Msomaji, Mathare*

Usikate tamaa. Mti uliochimbuliwa hupoteza mizizi mingi, hivyo haufyonzi maji ya kutosha majani yote. Usioshe udongo wa Limuru uliobaki mizizini. Udongo huo una kuvu wanaoulisha msonobari. Toboa karai chini, jazia kokoto ndogo, funga shina lisitikiswe na upepo. Uweke penye mwanga bila jua kali la mchana, umwagilie udongo unapoanza kukauka tu. Mbolea, waya na makasi visubiri mwaka mzima. Hapo ndipo wengi huharakisha wakaua mti. Sindano kuukuu kudondoka ni kawaida. Ncha changa zikinyauka, au sindano zikipata mistari myekundu, peleka kijitawi KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, Muguga.